Koili ya Lori na Fatiha ya Rasini

Msabaha bin Mbaruku hakuzaliwa na bahari. Kwao ni Mkange, katika ukoo wa wakulima wa mpunga na mihogo, na hata alipokwisha kukaa Bagamoyo miaka mingi, wavuvi wa Dunda hawakuacha kumwita Mtu wa Bara, ijapokuwa kutoka Mkange hadi ufukoni si mwendo wa kumstahilisha mtu jina hilo. Alisoma chuoni hadi akahitimu, kisha akaenda kutafuta riziki katika shamba la mkonge, na huko ndiko alikoshika spana kwa mara ya kwanza. Vilipokuja vita vya pili alichukuliwa kwenda kutengeneza malori ya jeshi. Alirudi na mambo mawili ambayo hakuondoka nayo: elimu ya moto wa injini, na tabia ya kunyamaza pale mtu anapomuudhi. Ya kwanza ilimpa chakula. Ya pili ilimpa mke.

Mkewe alikuwa Mwanamkasi, binti wa Nahodha Mwishehe wa Saadani. Alikuwa Bagamoyo kwa shangazi yake, akamwona kijana huyu akitukanwa na mwenye gari mbele ya watu, naye akiendelea kufunga nati zake bila kuinua sauti. Akamwambia shangazi yake, "Mwanamume asiyejibu tusi la mpita njia, hatamtusi mkewe." Posa ikapelekwa Saadani.

Huko ikakutana na ukuta. Nahodha Mwishehe hakuwa na neno juu ya dini ya kijana wala nasaba yake. Neno lake lilikuwa juu ya kazi yake. Kusini mwa Saadani pana rasi ndogo, na juu ya rasi hiyo pana kaburi la sharifu mmoja aliyewasomesha watu wa pwani ile zamani. Mila ya vyombo vya upande ule ilikuwa hivi: chombo kikifika mkabala wa rasi, tanga hulegezwa, makasia huinuliwa, mazungumzo hukatwa, na waliomo husoma Fatiha kwa ajili ya aliyelala pale, kisha safari huendelea. Wala hawakuwa wakimwomba maiti, walikuwa wakimwombea. Sasa, mwaka mmoja, boti ya mashine ya wageni fulani ilipita mkabala wa kaburi ikinguruma, abiria wake wakicheka, na moshi wake ukatanda hadi penye vyombo vilivyokuwa vimesimama kwa heshima. Nahodha Mwishehe alikuwamo katika kimojawapo, viganja vyake vikiwa wazi mbele ya uso. Tangu siku hiyo alikuwa akisema, "Tanga ukiliambia nyamaza, hunyamaza. Mashine haina adabu, na anayekaa nayo itamwambukiza."

Hata hivyo alikuwa mtu wa sheria. Hakuwa na sababu ya kumzuia binti yake, basi alitoa idhini yake ya uwalii, nikaha ikafungwa. Lakini siku ile ile aliwaita wawili hao akawaambia, "Idhini nimeitoa, kwa kuwa sina haki ya kuizuia. Radhi yangu nimebaki nayo. Siku nikitaka kuitoa, nitaita."

Anayejua daraja ya mzazi atafahamu uzito wa maneno hayo. Mwanamkasi aliishi nayo kama mtu alalaye chini ya boriti iliyopasuka. Alimzaa Sihaba, akalea, akacheka na majirani. Lakini kila chombo kilichotoka Saadani alikitazama kwanza usoni mwa nahodha wake, aone kama kimebeba wito.

Wito ulikuja wakati wa masika, katika siku za maleleji, pepo moja imekwisha kuaga na nyingine haijabisha hodi. Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri. Bwanausi, kaka yake Mwanamkasi, aliingia banda la Msabaha akiwa amevimba viganja. Alikuwa ametoka Saadani na baharia wake mmoja, Kibwana, katika mashua ya baba yao. Upepo ukawafia njiani, wakaja kwa makasia.

"Shemeji, dada yangu yuko wapi?"

Mwanamkasi alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. "Nipo. Sema."

"Baba anakuita. Hali yake si njema. Ulimi wake ungali wake, lakini tangu juzi maneno yanamponyoka. Amesema hivi: mleteni Mwanamkasi nimkabidhi amana yake."

Mwanamkasi alishika mwimo wa mlango. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mume wangu?"

Bwanausi akatazama chini. "Hakumtaja."

Msabaha alikuwa akitazama nje, ambako moshi wa majiko ya jirani ulikuwa ukipanda juu wima kama uzi. Hapakuwa na upepo hata wa kuutikisa moshi. Njia ya bara haikuwa ya kufikiriwa: Wami ulikuwa umefurika hadi mashambani. Makasia yangewafikisha Saadani, ila mikono ya Bwanausi ilikuwa ikisema yenyewe ni baada ya muda gani. Na ulimi wa mgonjwa haukuahidi kungoja.

Katika boriti ya banda ilining'inia mashine kuukuu ya boti, ya kupachikwa nyuma ya chombo. Msabaha aliipata kwa ofisa mmoja wa upimaji aliyehama, na kwa miaka miwili ilikuwa ikimpeleka kwenye mikoko ya Ruvu na kumrudisha. Ilikuwa ikijizalishia moto wake yenyewe. Chini ya gurudumu lake zito la juu palikuwa na sumaku; gurudumu likizunguka, sumaku zilizaa umeme, koili ndogo ikauongeza nguvu, nao ukaruka kwenye plagi kwa cheche na kuwasha petroli. Masika yaliyotangulia unyevu uliingia ndani, koili ile ikaoza, mashine ikafa. Kifaa cha kuibadilisha hakikupatikana Bagamoyo wala Dar es Salaam, maana hata waliounda mashine ile walikuwa wamekwisha kuisahau.

"Ishushe," Mwanamkasi alisema.

"Haina moto, Mama Sihaba."

"Lori la Mikidadi lina moto. Si wewe uliyenieleza kwamba moto wa lori ni wa kukopa kwenye betri?"

Msabaha akamtazama mkewe, kisha akaitazama mashine. Halafu akavaa kofia yake akatoka.

Mikidadi alikuwa na lori moja, na siku zile lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yake kwa sababu barabara ya kwenda Msata ilikatika na Fukayosi kulikuwa ziwa.

"Koili ya lori langu?" aliuliza, kana kwamba ameombwa figo.

"Na betri."

"Na usukani je? Huutaki usukani, ukautie kwenye ngalawa?"

"Lori lako halina pa kwenda wiki hii, Mikidadi."

"Halina pa kwenda, lakini napenda nikilitazama nijue ni zima." Kisha Msabaha akamweleza habari ya Nahodha Mwishehe. Mikidadi aliacha mzaha, akafungua boneti kwa mkono wake mwenyewe. Alipokuwa akimkabidhi vitu vile alisema, "Betri hii ni nzee, usiitese. Na jambo lingine. Mashine ya sumaku ikizimika, imezimika. Hii si hivyo. Pointi zikisimama huku zimegusana, koili itaendelea kunywa umeme hadi ijiunguze. Swichi, Msabaha. Swichi kwanza, mengine baadaye."

"Unanifundisha mimi?"

"Simfundishi fundi. Namkumbusha mkwe mwenye haraka."

Kazi ilianza jua likiwa limepanda. Msabaha aling'oa gurudumu la juu, akatoa koili iliyooza pamoja na sumaku, akasafisha pointi kwa tupa laini hadi zikang'aa. Pointi ni vipande viwili vidogo vya chuma: vikikutana, koili hushiba umeme, vikiachana, hutema cheche. Siri yote imo katika kuachana huko, kwamba kuwe kwa kiasi na kwa wakati wake. Kwa kiasi, alipima kwa ganda la kiberiti. Kwa wakati, hakuwa na kipimo ila sikio na ukucha. Gurudumu alilirudisha, akaliwekea alama ya chaki mahali pointi zinapofunguka, akavuta kamba. Mashine ikarudisha teke, kamba ikamchapa kiganja hadi damu ikatoka.

"Inakukataa," Bwanausi alisema. Alikuwa ameketi juu ya gogo, mikono imefungwa vitambaa. "Baba alisema hazina adabu."

"Cheche imewahi mno. Ni kosa la pointi, si la adabu."

"Jua linatembea, shemeji."

"Naliona."

Akafungua tena, akasogeza, akafunga, akavuta, ikarudisha teke tena. Mwanamkasi alikuwa akienda na kurudi kati ya jiko na banda, amebeba vitu visivyohitajiwa na yeyote: sahani tupu, birika, mkeka. Adhuhuri ikaingia, wakasali. Alasiri ikaingia, wakasali. Baada ya alasiri, mashine ikiwa imefungwa kwenye pipa la maji, Msabaha alivuta kamba, ikakohoa, ikashika, ikanguruma hadi kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mwanamkasi akaketi chini pale pale kwenye mchanga na vumbi la chuma, akafunika uso kwa upande wa kanga.

Betri na koili alizitia katika kasha la mbao lililofungwa turubai, maana maji ya chumvi na umeme havikai nyumba moja. Na swichi, kwa hofu hiyo hiyo ya maji, aliifunga ndani ya kasha, chini ya kifuniko. Hapo ndipo alipopanda kosa lake, ingawa wakati ule lilionekana kuwa ni busara.

Waliondoka kwa mashua ile baada ya alfajiri ya siku ya pili, Msabaha amekaa nyuma kwenye mashine, Bwanausi juu ya kasha, Kibwana na Mwanamkasi mbele. Bahari ilikuwa shwari kama mafuta. Mashine haikulegea hata kidogo. Ilikwenda kwa sauti moja, na asubuhi yote hakuna aliyethubutu kuisifu, kwa kuogopa kuitia kijicho. Walipofika mkabala wa mdomo wa Wami maji yalibadilika rangi yakawa ya udongo, yamebeba magogo na mafungu ya nyasi. Kibwana alisimama mbele akiwa na upondo, akielekeza kwa mkono: kulia, kushoto, polepole. Mkondo uliwasukuma kuelekea nje, ambako mbali kidogo palionekana mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika juu ya fungu la mchanga.

Wakavuka. Jua lilikuwa limeinama upande wa bara ilipoonekana rasi, na juu yake ukuta mweupe wa kaburi. Nyuma ya rasi, makuti ya Saadani.

Bwanausi akageuka. "Shemeji, usisimamishe."

Msabaha alikuwa akiutazama ule ukuta mweupe.

"Nakwambia usisimamishe. Baba anangoja. Ukiizima hii, nani anajua kama itawaka? Tusome Fatiha huku tunakwenda. Mwenyezi Mungu anasikia hata ndani ya kelele."

"Anasikia," Msabaha alisema. "Lakini sikuja hapa kwa ajili ya kusikiwa tu. Baba yako alizuia radhi kwa sababu ya chombo kilichopita hapa bila kunyamaza. Leo nimpelekee binti yake ndani ya chombo kama kile?"

"Hatajua!"

"Mimi nitajua."

Bwanausi akamgeukia dada yake. "Sema nawe. Amana ni yako."

Mwanamkasi alitazama makuti ya Saadani, yaliyokuwa karibu kiasi cha kuhesabika. Akasema, "Zima, Baba Sihaba. Ila isiwe kwa muda mrefu."

Mkono wa kushoto wa Msabaha ukaenda wenyewe, kama ulivyozoea miaka miwili, ukaziba kifuniko cha hewa cha mashine. Injini ikakosa pumzi, ikafa. Kimya kilichoanguka juu ya maji kilikuwa kikubwa hata wakasikia matone yakidondoka kutoka kwenye upondo. Wakainua viganja. Msabaha akasoma Fatiha kwa sauti, akaongeza dua kwa sharifu, na kwa mgonjwa, na kwa wazazi wote. Alipomaliza, Mwanamkasi hakushusha mikono yake. Alikuwa bado akiomba, midomo ikicheza bila sauti, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkata. Wakamngoja. Alipojipangusa uso, mashua ilikuwa imegeuka ubavu, na mkondo wa Wami, uliozunguka rasi, ulikuwa umeishika.

Msabaha akavuta kamba. Kimya.

Akavuta tena, na tena. Alifikiri petroli imezidi. Akafungua kifuniko cha hewa, akavuta. Alifikiri uchafu wa mto umeingia kwenye kabureta. Akaifungua, akapuliza, akarudisha. Akatoa plagi, akaifuta, akairudisha. Kila jambo alilofanya lilikuwa ni la mashine ya zamani, na mashine ya zamani ilikuwa imekwisha kufa. Mashua iliendelea kwenda upande, bila haraka, kuelekea kwenye ule mstari mweupe.

"Tupa nanga!" Bwanausi akaamuru. Kibwana akatupa, kamba ikakaza, ikalegea, ikakaza, ikalegea. Nanga ilikuwa ikilima tope.

"Makasia!"

Wakapiga makasia, Bwanausi na viganja vyake vya kidonda, Mwanamkasi akimsaidia Kibwana. Walipunguza mwendo wa kwenda funguni, hawakuuzuia.

Bwanausi alisema huku akihema, "Nilikwambia pita. Mashine yako imeingia itikafu, shemeji. Imeipenda rasi, haitaki kutoka." Kisha alipolirudia kasha kutegemeza miguu yake, akaruka. "Lo! Kasha hili lina nini? Lina joto kama tanuri!"

Msabaha akageuka. Ndipo harufu ikamfikia, harufu ya lami inayoyeyuka. Alifumua turubai kwa meno na kucha, akafungua kifuniko. Koili ilikuwa imetoa jasho jeusi, lami ikichuruzika ubavuni, wala haikushikika. Na pembeni yake ilikuwapo swichi, imewashwa, kama alivyoiacha alfajiri.

Aliizima. Akabaki ameinama juu ya kasha.

"Ni nini?" Mwanamkasi aliuliza.

"Ni mimi," alisema. "Sikuizima swichi. Tangu tumeanza kusoma, koili inaungua."

Bwanausi akasema, "Basi sasa imezimwa. Vuta!"

"Bado. Ikiwa ya moto haitoi cheche. Na betri imechoka. Kila nikivuta bure naichosha zaidi. Lazima ipoe."

"Ipoe? Fungu lile hapo, huoni?"

"Naliona."

"Basi unangoja tufike juu yake?"

"Nangoja ipoe."

Mwanamkasi alivua kanga yake ya juu, akaichovya baharini, akaikamua kwa nguvu zake zote asiache tone la kuchuruzika, akampa mumewe. Msabaha akaizungushia koili tumboni, akikihifadhi kichwa chenye nyaya kisipate chumvi. Kanga ikafuka mvuke. Akaivua, akampa, naye akachovya, akakamua. Sauti ya mawimbi ya fungu sasa ilikuwa inasikika, mwanzo kama watu wanaonong'ona nyuma ya mlango, kisha kama watu wanaogombana. Kibwana aliyekuwa kijana wa maneno mengi alikuwa akipiga kasia na kusoma shahada kwa pamoja.

"Vuta, Msabaha!" Bwanausi hakumwita shemeji tena.

"Bado."

Hakuna kazi ngumu kwa mwenye mikono kama kuizuia mikono yake. Aliiweka koili shavuni, kama mama apimaye homa ya mtoto. Bado ilikuwa kali. Wimbi la kwanza lililovunjika karibu liliwarushia povu. Mwanamkasi akajitupa juu ya kasha, mgongo wake ukapokea maji yote. Wimbi lililofuata liliinyanyua mashua na kuishusha, na kwa mara ya kwanza chini ya ubao walisikia mchanga ukikwaruza.

Msabaha akaiweka tena shavuni. Hakuwa na hakika. Alisema, "Bismillahi," akaligeuza gurudumu kwa mkono hadi alama ya chaki ikafika mahali pake, pointi zikiwa wazi, ili betri isinywewe hata kwa kitambo kidogo. Ndipo akawasha swichi. Akavuta kamba.

Ikapita kimya.

Bwanausi akapiga yowe. Lakini Msabaha alifanya jambo ambalo, aliponisimulia baadaye, alisema lilimtisha kuliko fungu lenyewe: alirudi kwenye kasha, akazima swichi, akaizungushia koili kanga tena, akangoja pumzi chache, huku mashua ikikwaruza mara ya pili. Kisha akairudisha chaki mahali pake, akawasha, akavuta kwa mwili mzima.

Mashine ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Na wimbi lililokuwa limekwisha kujikunja juu yao likavunjikia nyuma ya usukani.

Saadani walishuka wakiwa wamelowa, wala hawakungoja kubadili nguo. Nahodha Mwishehe alikuwa amelazwa katika chumba cha dirisha la baharini. Macho yake yalikuwa yamezama, lakini yalitembea. Mwanamkasi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Maneno yalikuja moja moja, kila moja likitafutwa. "Umekuja na mashine."

"Naam, baba."

"Niliisikia toka mbali. Nikasema, wageni wale wamerudi." Akavuta pumzi. "Kisha ikanyamaza. Rasini. Nikasema, huyu si mgeni. Nikangoja isikike tena. Nikangoja sana. Mlisoma nini pale? Hitima nzima?"

Bwanausi, ambaye alikuwa amesimama karibu na Msabaha, alimkanyaga mguu kwa siri, akasema upesi, "Naam, baba, tulisoma sana, tulikuombea wewe na—"

"Hapana, baba," Msabaha akasema. "Tulisoma Fatiha, na dua isiyokuwa ndefu. Kimya kilichobaki kilikuwa ni kosa langu. Niliizima mashine nikasahau swichi, koili ikaungua, mkondo ukatuchukua hadi funguni. Karibu nimwangamize binti yako na mwanao."

Mwanamkasi aliinamisha kichwa; alijua kuwa neno moja la mumewe lilikuwa limefungua mlango ambao ungeweza kufungwa usoni mwake.

Mzee alifumba macho. Kisha akasema bila kuyafumbua, "Ungelipita bila kusimama, ungelifika mapema."

"Ningelifika mapema."

"Na ulisimama."

"Nilisimama, baba. Ila nilisimama vibaya."

Kifua cha mgonjwa kikatikisika. Mwanamkasi alishtuka, akidhani ni sakarati ya mauti. Ilikuwa kicheko, kikageuka kikohozi, wakamwinua akanywa maji. Aliponyamaza alitafuta kichwa cha binti yake kwa kiganja, akakiwekea mkono. "Mwanamkasi, mwanangu. Amana yako hii hapa. Radhi yangu juu yako, duniani na akhera. Nimechelewa kuitoa. Nisamehe."

Alilia kwanza, ndipo akaweza kusema, "Nimekusamehe, baba. Nami nisamehe."

"Na wewe," mzee alisema, macho yakimtafuta Msabaha. "Sikukuita."

"Najua, baba."

"Nipe mkono."

Msabaha akautoa, akasita, kwa kuwa ulikuwa mweusi. Nahodha akaushika hivyo hivyo, akausogeza karibu na uso wake, akanusa. Alikuwa mtu aliyezaliwa karibu na gati la kuzibia vyombo, na maisha yake yote alikuwa amenusa pamba na lami zikipigwa katika nyufa za mbao. Akanusa mara nyingine.

"Lami," alisema. "Nilidhani watu wa mashine hunuka petroli. Wewe unanuka chombo." Hakuuachia mkono ule hadi aliposinzia.

Alifariki Alhamisi iliyofuata, akaswaliwa kwa jamaa kubwa. Alimkuta Mola wake akiwa hana amana ya mtu mkononi.

Koili ilirudishwa kwa Mikidadi. Aliipokea kwa ncha za vidole, akaitazama lami iliyoganda ubavuni, akasema, "Ulikwenda kuchoma mihogo?" Lakini aliirudisha katika lori lake, na ilifanya kazi.

Msabaha akatafuta koili nyingine, na swichi akaitoa kashani akaipigilia kwenye ukingo wa mashua, mbele ya macho ya kila aliyemo, akiikinga na maji kwa kipande cha ngozi. Mara kadhaa nilisafiri nao kwenda Saadani kuhudhuria kisomo cha marehemu. Tukifika mkabala wa rasi, mashine huzimwa, na kabla hatujainua viganja, Mwanamkasi humgeukia mumewe.

"Swichi?"

"Imezimwa."

Naye hunyoosha mkono, akaigusa mwenyewe kwa kidole, ndipo tukasoma Fatiha.